Le Gentil: Mfaransa aliyeisaka Zuhura kwa miaka 11 katika Bahari ya Hindi

JUNI 8, 2004, kuanzia saa 2:15 hivi asubuhi hadi karibu saa 8:30 mchana, jua lililoangaza juu ya Narung'ombe, wilayani Ruangwa, lilikuwa na doa. Doa hilo, dogo, jeusi na la mviringo, lilikatiza uso wa jua polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilikuwa ni sayari ya Zuhura, ile ile ambayo wakulima wa Ruangwa na Nachingwea huiona alfajiri iking'ara kama nyota wanapoelekea shambani.

Juni ni kiangazi mkoani Lindi. Mtu mwenye kioo maalumu cha kukinga macho angeweza kulitazama doa hilo kwa saa 6 bila kuondoka uani kwake.

Karne mbili na nusu kabla ya siku hiyo, mtaalamu mmoja wa falaki kutoka Ufaransa alitumia zaidi ya miaka 11 ya maisha yake akisafiri katika Bahari ya Hindi kwa ajili ya kuona tukio la namna hiyo. Lilitokea mara mbili akiwa safarini. Mara ya kwanza aliliona lakini hakuweza kulipima, na mara ya pili hakuliona kabisa. Aliporejea nyumbani alikuta amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Mtu huyo ni Guillaume Le Gentil, ambaye jina lake kamili lilikuwa Guillaume Joseph Hyacinthe Jean-Baptiste Le Gentil de la Galaisière. Alizaliwa Septemba 12, 1725 katika mji wa Coutances, jimbo la Normandy, kaskazini magharibi mwa Ufaransa.

Kijana huyo hakuanza na nyota. Alipelekwa Paris kusomea teolojia kwa matarajio ya kuwa padri. Siku moja, kwa udadisi tu, alikwenda kusikiliza mhadhara wa Joseph-Nicolas Delisle, mmoja wa mabingwa wa falaki wa wakati huo, na tangu hapo upadri ukaanza kusahaulika. Jacques Cassini, kiongozi wa familia iliyokuwa ikisimamia kituo cha kutazamia nyota cha Paris, alimpokea na kumpa kazi.

Haukupita muda mrefu kabla ya kijana huyo kuonyesha kwamba hakupokewa kwa upendeleo. Mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 24, aligundua kundi dogo la nyota lililo kando ya galaksi kubwa ya Andromeda, ambalo wataalamu wa leo hulitambua kwa jina la M32. Mwaka 1753 aliingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, heshima ambayo wengi huisubiri hadi nywele zinapokuwa nyeupe.

Wakati huo swali kubwa lililowasumbua wataalamu wa anga lilikuwa moja: jua liko umbali gani kutoka duniani? Walikwisha kujua uwiano wa umbali wa sayari zote, yaani walijua kwamba sayari fulani iko mbali na jua mara ngapi kuliko dunia. Lakini walikuwa kama mtu mwenye ramani nzuri isiyoonyesha sentimita moja inawakilisha kilomita ngapi. Umbali mmoja tu ukipatikana, ramani nzima ingesomeka.

Mwingereza Edmond Halley alikuwa amependekeza njia mwaka 1716. Mtu akinyoosha mkono na kutazama kidole gumba kwa jicho moja, kisha kwa jicho jingine, kidole huonekana kuhama mahali pake ukutani. Halley alisema Zuhura inapopita mbele ya jua, dunia itumike kama uso wenye macho mawili yaliyo mbali sana: watu wakae katika pembe mbalimbali za dunia, kila mmoja apime kwa saa ni lini sayari imeingia na kutoka katika uso wa jua. Tofauti za vipimo vyao ndizo zingetoa umbali.

Ugumu ni kwamba Zuhura hupita hivyo mara chache mno. Hupita mara mbili ndani ya miaka 8, kisha zaidi ya karne moja hukatika bila tukio hilo kurudi. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1639. Mara mbili zilizokuwa zikingojewa ni Juni 1761 na Juni 1769. Halley mwenyewe, aliyefariki mwaka 1742, alijua wazi kwamba hataziona.

Akademia ya Paris iliwagawa watu wake. Alexandre-Gui Pingré alipangiwa kisiwa cha Rodrigues, mashariki mwa Madagaska, na Jean Chappe d'Auteroche akapelekwa Siberia. Le Gentil alipangiwa Pondicherry, koloni la Ufaransa katika pwani ya mashariki ya India. Mtaalamu huyo alipanda meli Brest Machi 26, 1760, miezi zaidi ya 14 kabla ya siku yenyewe. Mtu angedhani huo ni muda wa kutosha na kubaki.

Hata hivyo, Ufaransa na Uingereza zilikuwa katika Vita ya Miaka Saba, na vita hiyo haikupiganwa Ulaya peke yake. Wasomaji wanaolifahamu jina la Narung'ombe kutokana na mapigano ya Julai 1917 kati ya Waingereza na Wajerumani hawatashangaa kusikia kwamba ugomvi wa wafalme wa mbali unaweza kuishia mlangoni mwa watu wengine kabisa. Le Gentil alipotia nanga Isle de France, kisiwa kinachoitwa leo Mauritius, Julai 10, 1760, alipata habari kwamba Pondicherry imo hatarini na kwamba hakuna meli ya kumfikisha huko.

Alikaa kisiwani miezi 8, sehemu yake akiwa mgonjwa wa kuhara damu. Hatimaye, Machi 11, 1761, alipata nafasi katika meli ya kivita La Sylphide iliyokuwa ikitumwa kuisaidia Pondicherry.

Baharia yeyote wa Kilwa au Lindi wa zama zile angeweza kumwambia kwamba tarehe hiyo ilikuwa ya mashaka. Machi ni mwezi wa kaskazi kumalizikia, na anayetaka kwenda India kutoka upande huu wa bahari hungoja kusi ishike. La Sylphide haikungoja. Upepo uliigeuka, na kwa muda wa wiki 5 hivi meli hiyo ikazungushwa katika bahari ya Afrika, ikielekea pwani ya nchi inayoitwa leo Somalia, ikapita visiwa vya Sokotra na kuingia Bahari ya Arabuni. Huko ndiko Le Gentil alikoikaribia zaidi pwani ya Afrika Mashariki, japo kwa kusukumwa na si kwa kutaka.

Mei 24, meli ilipofika karibu na Mahé, katika pwani ya magharibi ya India, habari zilizowapokea zilikuwa mbaya. Mahé ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Pondicherry yenyewe ilikwisha kuanguka tangu Januari. Nahodha aliamua kurudi Isle de France. Le Gentil, aliyebakiwa na siku zisizofika 15, hakuwa na la kufanya.

Juni 6, 1761 ilimkuta katikati ya bahari, kusini kidogo ya Ikweta. Anga ilikuwa safi. Jua lilipochomoza Kilwa na nchi zote za nyuma yake asubuhi hiyo, Zuhura ilikuwa imekwisha kuingia katika uso wake, na huko iliendelea kukatiza hadi karibu na saa 5 na nusu. Le Gentil naye aliiona kwa darubini yake na kuandika alichoweza kuandika. Lakini saa za pendulamu haziendi sawa juu ya meli inayoyumba, na mtu aliye baharini enzi hizo hakuweza kujua kwa usahihi yuko wapi. Vipimo vya namna hiyo visingemfaa mtu yeyote, naye alilijua hilo kabla ya wengine.

Pingré kule Rodrigues alisumbuliwa na mawingu lakini alipata sehemu ya vipimo, kisha Waingereza wakakivamia kisiwa kabla hajaondoka. Kwa ujumla zaidi ya watu 100 walilitazama tukio hilo katika sehemu mbalimbali za dunia, na matokeo yao hayakukubaliana vya kutosha. Matumaini yote yakahamia mwaka 1769.

Hapa ndipo Le Gentil alipofanya uamuzi ambao umemfanya akumbukwe hadi leo. Badala ya kurudi Ufaransa na kuanza safari upya, aliiandikia Akademia kwamba atabaki Bahari ya Hindi kwa miaka 8 hadi Zuhura ipite tena.

Wanaosimulia habari zake hupenda kuiruka miaka hiyo 8, kana kwamba alikaa kivulini akihesabu siku. Sivyo. Alichora ramani ya pwani ya mashariki ya Madagaska, ambayo mabaharia wa Kifaransa walikuwa wakiipita kwa kubahatisha. Aliandika juu ya pepo na mikondo ya Bahari ya Hindi, juu ya kupwa na kujaa kwa maji, juu ya mimea, wanyama na desturi za wenyeji wa Madagaska. Mambo ambayo nahodha wa jahazi aliyajua kwa kurithi kutoka kwa baba yake, yeye aliyatia katika majedwali.

Kisiwa kilichomhifadhi, ni vyema ikasemwa, hakikuwa kisiwa cha sayansi. Mashamba na bandari ya Isle de France vilijengwa kwa mikono ya watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776, miaka 5 baada ya Le Gentil kuondoka, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na watu hao walitoka katika nchi za bara nyuma ya Kilwa. Meli zilizowasafirisha wataalamu wa nyota na meli zilizowasafirisha watumwa zilitia nanga katika bandari moja.

Baada ya kupiga hesabu, Le Gentil aliona kwamba Manila, nchini Ufilipino, pangemfaa zaidi kwa mpito wa pili. Aliondoka Isle de France Mei 1, 1766 kwa meli ya Kihispania na kufika Manila Agosti 10. Alianza kazi mara moja. Lakini gavana wa Kihispania alimtilia shaka, akidhani barua zake za utambulisho ni za kughushi. Wakati huo huo Akademia ilimwandikia kwamba ingependelea arudi Pondicherry, ambayo Ufaransa ilikuwa imerudishiwa baada ya amani ya mwaka 1763.

Le Gentil alitii. Februari 1768 aliondoka Manila, na Machi 27 akawasili Pondicherry, mji uliobomolewa na vita. Gavana Jean Law de Lauriston alimpokea kwa heshima na kuamuru ajengewe kituo cha kutazamia nyota juu ya magofu ya ngome. Chini yake palikuwa na ghala la baruti, jambo ambalo halikumzuia mtaalamu huyo kufanya kazi humo usiku baada ya usiku. Hata Waingereza wa Madras, maadui wa jana, walimwazima darubini nzuri.

Alikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kungoja, na aliutumia kujifunza elimu ya nyota ya Watamil. Somo hilo lilimshangaza. Mtamil mmoja alimkokotolea kupatwa kwa mwezi kwa Agosti 30, 1765 kwa muda usiofika saa moja, akitumia kauri badala ya kalamu na kanuni alizozihifadhi kichwani. Muda wa kupatwa alioupata ulipungua kwa sekunde 41 tu kulinganisha na ulivyokuwa kweli. Majedwali ya Mjerumani Tobias Mayer, yaliyosifiwa Ulaya nzima kuwa bora, yalizidisha kwa sekunde 68.

Le Gentil aliyaandika hayo bila kuficha, ingawa hakuacha dharau zote za Wazungu wa zama zake. Kwa kipimo cha leo, huenda kurasa hizo kuhusu elimu ya Watamil ndizo zenye thamani kuliko zote alizoziandika, kwa sababu ni miongoni mwa taarifa za mwanzo kuifikia Ulaya juu ya hesabu hizo, kutoka kwa mtu aliyejifunza kwa wenyewe.

Juni 1769 ikafika. Mwezi wa Mei wote asubuhi za Pondicherry zilikuwa safi. Kwa Pondicherry mpito ungeanza usiku wakati jua liko upande wa pili wa dunia, hivyo Le Gentil alihitaji saa moja na kitu tu: kuanzia jua kuchomoza Juni 4 hadi Zuhura itakapotoka, muda mfupi baada ya saa 1 asubuhi. Jioni ya Juni 3 gavana alikwenda kituoni, na kwa pamoja wakatazama miezi ya Mshtarii katika anga isiyo na doa.

Alfajiri mawingu yakatanda. Mnamo saa 11 upepo mkali ukavuma, na ukaleta mawingu mengine mazito zaidi. Jua lilichomoza nyuma ya pazia hilo, na Zuhura ikamaliza safari yake nyuma ya pazia hilo hilo. Mpito ulipokwisha kupita, anga ilifunguka na jua likawaka siku nzima.

Kwa zaidi ya wiki mbili Le Gentil hakuwa na nguvu ya kushika kalamu aandike kilichotokea. Baadaye zikamfikia habari zilizomaliza kumvunja moyo: Manila, mahali alipopachagua mwenyewe na kuamriwa kupaacha, anga ilikuwa safi, na watu aliowaachia maelekezo walikuwa wameuona mpito.

Ni rahisi kumlaumu kwa kutii. Lakini mtu aliyetumwa kwa fedha na jina la Akademia, akiwa chini ya gavana anayemshuku, hakuwa na nafasi kubwa ya kukaidi. Na Pondicherry, kwa takwimu zote za hali ya hewa alizokuwa nazo mezani, palikuwa mahali pazuri.

Safari ya kurudi nayo haikuwa nyepesi. Alianza kuugua tena, na Machi 1, 1770 akaondoka Pondicherry kwenda Isle de France. Novemba alipata meli ya kwenda Ulaya, L'Indien, lakini karibu na kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion ya leo, kimbunga kiliipiga na kuiharibu vibaya. Januari 1, 1771 alikuwa tena Isle de France, kisiwa ambacho bila shaka alikwisha kukichoka. Machi mwaka huo akapanda meli ya kivita ya Wahispania, ikapambana na dhoruba za Rasi ya Tumaini Jema, na Agosti 1 akateremka Cadiz, Hispania. Kutoka huko alisafiri nchi kavu. Oktoba 8, 1771 alivuka milima ya Pirenei na kukanyaga ardhi ya Ufaransa, baada ya miaka 11, miezi 6 na siku 13.

Nyumbani alikuta maiti yake, kwa namna ya kusema, imekwisha kugawiwa. Barua zake nyingi zilikuwa zimepotelea baharini, na habari za kifo chake zilikuwa zimesambaa. Ndugu zake walikuwa mbioni kurithi mali. Wakala aliyemwachia fedha alidai zimeibwa. Le Gentil alikwenda mahakamani, akashindwa kesi na kuamriwa kulipa gharama. Akademia, ambayo ndiyo iliyomtuma, ilikuwa imempa mtu mwingine kiti chake. Ilibidi mfalme aingilie kati ndipo akarejeshewa nafasi mwaka 1772.

Mwaka huo wa 1771, wakati Le Gentil akiwa bado njiani, mwenzake Jérôme Lalande alikusanya vipimo vya mipito yote miwili na kutangaza kwamba jua liko umbali wa kilomita milioni 153. Kipimo cha sasa ni milioni 149.6. Kwa vyombo vya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, na lililipiwa kwa gharama: Chappe d'Auteroche, aliyekwenda Kalifornia kwa mpito wa pili, alifia huko kwa maradhi mwezi Agosti 1769. Katika hesabu hizo hakuna tarakimu iliyotoka kwa Le Gentil.

Mtaalamu huyo alioa, akapata binti mmoja, na akaishi katika kituo cha kutazamia nyota cha Paris alikoanzia kazi ujanani. Mwaka 1779 na 1781 alitoa juzuu mbili kubwa za safari zake katika bahari za India, zenye ramani, pepo, Madagaska, Manila na Watamil. Waliomfahamu uzeeni walimwona kuwa mtu mwenye furaha nyumbani, asiyependa tena kusafiri.

Le Gentil alifariki Paris Oktoba 22, 1792 akiwa na umri wa miaka 67, mwezi mmoja baada ya ufalme kufutwa nchini Ufaransa. Akademia iliyompa kiti, ikamnyang'anya na kumrudishia, ilifungwa na serikali ya mapinduzi Agosti 1793.